Majina ya Waliokunywa Chai

Mshauri mpendwa, shikamoo. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na mwezi uliopita mbunge mmoja alipokuja kijijini kwetu Bongwe kusikiliza maoni, karani wake, Bwana Kavumbi, alinipa kazi ya kuandikisha majina mlangoni ili wapishi wajue watagawa chai na mahamri kwa watu wangapi, basi watu wakatia sahihi, wengine kidole gumba. Mheshimiwa akasema mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ujengwe karibu na kijiji jirani cha Bodo vijana wapate kazi, na zahanati za watu binafsi zinazoudai mfuko wa bima ya afya malipo yao zivumilie, kwani tabibu ni mtu wa huruma. Akasimama Daktari Biasha, ambaye humtibu mama pumu, akasema, "Mheshimiwa, huruma ninayo, dawa ndizo sina. Na moshi huo ukishaingia vifuani mwa watu, watakuja kwa nani?" Watu wakacheka, mheshimiwa akatazama saa.

Kikao kilipokwisha Kavumbi akaniambia, "Binti, una mwandiko mzuri, hebu andika hapo juu: Sisi tuliotia sahihi tunaunga mkono mtambo." Nilijua si kweli, lakini naona haya kumkatalia mtu mzima, na alikuwa ameniahidi kibarua ofisini, nikaandika, na jina la kwanza kabisa ni la Daktari Biasha. Karatasi hiyo itasomwa Alhamisi ijayo mbele ya kamati itakayoamua juu ya mtambo. Juzi mama alibanwa na kifua, Daktari akampa dawa ya mwisho iliyokuwa kabatini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hunitazami?" Nikasema nina usingizi. Nifanyeje? Tafadhali, wewe na yeyote atakayesoma, siri hii isifike Bongwe.

Marahaba, mwanangu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Zaidi ya hapo sitakuficha. Mheshimiwa ana haki ya kupenda makaa ya mawe, hata ya kuwaambia matabibu wasubiri. Hayo ni maoni yake, wapiga kura watamjibu. Lakini maoni yaliyo juu ya jina la Biasha si ya Biasha, na wewe ndiye uliyempa. Usinitajie Kavumbi, hakuushika mkono wako. Naelewa haya zako, nami nilikuwa nazo, lakini haya hazimzuii mtu kusema hapana.

Kesho asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa, nenda zahanati. Mwambie Daktari huku ukimtazama. Atakasirika, mwache akasirike, wala usilie ili akubembeleze. Mama yako ataendelea kutibiwa naye vilevile, na hilo ndilo litakalokuuma zaidi. Kisha iandikieni kamati kwamba orodha ilikuwa ya chai na kichwa kiliongezwa baadaye, utie sahihi kwa jina lako kamili. Waliotia kidole wasomeeni barua hiyo mmoja mmoja, kabla hawajagusa wino tena kuiunga mkono. Kibarua cha ofisini kisahau.

Umeomba siri hii isifike Bongwe. Ifikishe wewe, kabla ya Alhamisi.