Mashine Iliyochaguliwa kwa Kupigwa Kofi

Masumbwe, Jumatano jioni, Julai 1977

Wamenunua ile mashine kubwa.

Karakana yetu ya ushirika haina umeme, na kila mjumbe anajua. Vipande vya plau tunavikata kwenye mabamba ya chuma kwa nyundo na patasi. Wiki iliyopita patasi iliteleza ikampasua mwenzangu Masanja kidole gumba. Ndiyo maana leo mimi, Mwenyekiti wetu na wajumbe tulikwenda Kagongwa kutafuta mashine ya kukatia.

Muuzaji alikuwa nazo mbili. Ndogo ina mpini mrefu wa kuvuta kwa mkono. Niliijaribu, ikakata bamba kama muwa. Kubwa inataka umeme.

Mwenyekiti hata hakuitazama ndogo. Aliizunguka ile kubwa kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe, akaipiga kofi ubavuni, akainama kukagua miguu.

"Hii imeshiba," akasema. Wajumbe nao wakaipapasa, mmoja mmoja.

"Mzee, umeme tutaupata wapi?" nikauliza.

"Umeme utakuja, fundi. Huyo ndama wako atatuaibisha."

Ndama! Na mimi nikasaidia kuipakia ile kubwa kwenye lori. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba nilisukuma kwa mikono yangu hii...

Tulipofika, Mwenyekiti akaagiza tuijengee chumba chenye mlango wa chuma, isije ikaibiwa.

Masanja ameshaanza kuukata huo mlango. Kwa patasi, na kidole bado kimefungwa kitambaa.