Zuhura Asije Kwenye Karakana Hii

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Na mikorosho, imeanza kutoa maua? Sisi huku Ruangwa tupo. Mjukuu wako Rahma anaota meno, halali, basi na mimi silali.

Nimesikia bosi wangu amekupigia simu. Anamtaka Zuhura aje kufanya fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye karakana yake ya kuchomelea, nawe umekubali kwa furaha. Mama, mdogo wangu asije. Ningekupigia, ila ningelia, na wewe simu unapokelea mbele za watu.

Unakumbuka alivyoniahidi mbele yako? "Maliza fildi, kazi ipo." Nikamaliza, cheti nikapata, akasema endelea kwanza nikuone. Nimechomelea mageti na madirisha, Rahma nimemwacha kwa jirani, maziwa yananilowanisha ovaroli. Mteja akija, bosi ananiita kwa sauti: "Njoo mwalimu! Huyu wa chuo, mimi sibahatishi." Mteja akiondoka, "We mtoto wa fildi, fagia." Malipo ni hela ya chai.

Juzi nikamuuliza, bosi, ajira yangu vipi? Akacheka, na mafundi wote wakacheka.

"Ajira? Nyie wa chuo mnajua kuchora, uzoefu hamna. Mimi nilikusaidia tu."

"Na hii ninayofanya hapa si uzoefu?"

"Hayo mafunzo. Tena wewe mtoto anakusumbua, kapumzike. Mdogo wako atakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku naanza, nilimkuta dada mmoja anakunja ovaroli yake. Nilimsalimia, hakuitikia. Nikasema huyu ana roho mbaya. Kumbe mimi ndiye niliyeletwa kumtoa.

Zuhura, wewe unayemsomea mama, usiruke hapa. Chuo usiache, ufundi ni mali yako. Fildi mwombe mwalimu wako wa chuo akutafutie pengine. Mimi nimeshaondoka kwake, nazunguka kuomba kazi kwenye karakana nyingine, mtoto mgongoni.

Nisalimie baba mdogo anayetulindia shamba, na shangazi wa Nambambo, mwambie dawa yake ya meno ya mtoto imesaidia.

Mama, najua bosi yule ni mzee, unamwonea haya. Akipiga tena, jikaze. Mwambie, "Mmoja ulishamtumia. Huyu simtoi."

Mwanao akupendaye,
Mwajuma, mama Rahma