Kengele ya Saa Sita Ilinikuta Nimevaa Shela

Mama yangu mpendwa, huko uliko,

Nimeolewa! Natamani kukupigia kelele hiyo ukiwa karibu. Wafula wangu akicheka, hata vikombe hucheka kabatini. Lakini ulituacha kabla hujamwona, na furaha yote hii sina wa kummwagia.

Unakumbuka shule yetu ya masista pale Kinoo? Kengele ya saa sita ikilia, sote tuliganda tulipo, mpira ukijiendea wenyewe, tukasali Malaika wa Bwana. Ng'ambo ya ua wa shule, nawe uliganda kibandani kwako ulikouzia mboga, kisu juu ya sukuma wiki.

"Mama Mwende, si unikatie mboga bana, nimeacha sufuria kwa moto!" mteja alilalamika.

Uliinua kidole tu, ukanitazama kupitia mianya ya ua mpaka kengele inyamaze. Magari yalinguruma barabarani, lakini dakika hiyo ilikuwa yetu wawili.

Harusi tulifungia kanisa la shule ile ile. Tulikuwa tunatoka, vigelegele vimepamba moto, kengele ikalia. Nikaganda mlangoni na maua yangu. Wafula, ambaye kwao si Wakatoliki, alinivuta mkono, sikusogea. Jasho likamtoka.

"Mwende, umebadilisha mawazo? Saa hii? Na ng'ombe wa mahari washafika kwenu?"

"Tulia, kijana," shangazi akamnong'oneza. "Anasali."

Kumbe mimi nilikuwa natazama ng'ambo ya ua wa shule. Penye kibanda chako sasa pana mtu anauza vifuniko vya simu. Hakuinua kichwa.

Tunaishi Parklands, ghorofa ya nne. Wafula akienda dukani kwake Ngara, nabaki na zawadi ambazo bado hatujazifungua. Kengele yetu haifiki huku. Mchana huwa mrefu, mama.

Jana saa sita simu ikaita.

"Simama," Wafula akasema. "Mimi nimesimama hapa. Sala siijui, lakini nimesimama."

Nyuma yake nikasikia mteja: "Boss, unauza ama huuzi?"

Nilicheka peke yangu jikoni, kisu mkononi, sukuma wiki mezani. Ah, nampenda mtu huyu! Kisha nikainua macho kukutafuta, na mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe tu. Niliutazama mpaka mwisho wa sala. Nikainua kidole.

Bado nimesimama,
binti yako, Mwende