Dawa ya Homa Nilimupatia Hamza

Yaya Masika, dada yangu mukubwa mwenye kichwa nguvu,

Mumeamukaje uko Butembo, ku Kimemi? Mugongo ya Papa inaendelea namna gani? Na Mama, angali anakemea batu bote ya parcelle, ya nyumba yetu, kama sergent? Mimi mwili iko muzima. Hata nimenona, ungeniona ungesema huyu si Kakule wetu, huyu ni député wa bunge. Donc juu ya mwili yangu usiogope. Nimeandika ku karatasi na kukutumia foto yake, juu ku simu ungesikia sauti yangu ungeanza kulia mbele sijamaliza.

Umeniuliza kama njo mimi ule mutu batoto baliona ku télé. Ndiyo, njo mimi! Ule wa nguo ya bleu, na pompe ya dawa ku mugongo, pembeni ya but, ile goli ya mpira. Inchi mingi balituma ba équipe yabo huku kwa Waarabu kutafuta kombe. Ile maradi ya kifua inamaliza batu dunia muzima, masoko balifunga, makanisa balifunga, mais mpira, hapana, mpira haifungwe. Balitafuta batu ba kupiga dawa ku biti bya kukalia na ku milango. Chef, mukubwa wetu wa kazi, akauliza nani anajua ile kazi. Mimi mbio mbele: "Chef, niko mutu wa Butembo. Ebola ilitusomesha zamani, nyinyi mungali mu maternelle, mu chekechea."

Hamza akacheka nyuma yangu: "Usimusikie, chef. Huyu alikimbiaka masomo mu cinquième primaire, darasa ya tano."

Hamza unamujua, ule musilamu wa Beni, mutoto wa ule mama wa kuuzisha sabuni mu soko. Baba yake alikuwa transporteur mupaka siku rebelles, bale waasi, balichoma lori yake ku njia ya Mbau. Mimi nilitoka juu Papa hawezi tena kukanyaga shamba yetu ya kule, yeye alitoka sababu ya ile lori. Tulikutana mu bus ya Kampala, tukafika huku pamoja, tukalala chambre moja.

Kila asubuhi ku mulango ya stade balikuwa banatuelekezea ku uso ile kabunduki ya kupima joto. Ukiwa na joto, unarudishwa, kazi imeisha. Siku moja Hamza akaamuka na homa. Akaniambia: "Kakule, mi naenda kusema kwa chef."

Nikamukataza. "We mujinga? Mutu muzima wa Beni hawezi kupita barrière?"

Unakumbuka, yaya, wakati ya Ebola? Tulikuwa tunameza dawa ya homa mbele ya kufika ku barrière ya njia ya Beni, tunajimwangia maji ya baridi ku uso, tunapita, tunachekelea ba infirmiers ba kupima joto. Njo hiyo nilimufundisha. Asubuhi dawa mbili, maji ku uso. Akapita. Kesho yake akapita tena. Nikajisifu chambre muzima: "Mumuone docteur Kakule!" Mais yaya, homa yetu kule ilikuwaka malaria tu.

Siku ya tatu ilikuwa match ya mwisho. Jua ilikuwa inachoma. Hamza akapanda ngazi na pompe yenye kujaa, nikasikia anapumua mubaya, nikamuchokoza: "Eh, muzee, nikutafutie fimbo?" Akajibu neno moja: "Kifua." Akakaa chini ya tribune, ile jukwaa ya batu ba kuangalia mpira. But ikaingia, juu yetu batu bakaruka mupaka simenti ikatetemeka. Nikakimbilia chef. Akaniambia: "Hapana kuleta fujo mbele ya bageni. Ngoja mpira iishe."

Tukangoja, yaya. Tukangoja mupaka bakatoa kombe, mupaka bakaimba. Kisha bakamupitisha ku mulango ya takataka, bakamupeleka hospitali.

Siku ine nyuma ya pale, balituambia alikufa na bamekwisha kumuzika bo benyewe. Alikuwaka anasema anaenda kuishi kwa batu ba dini yake. Hakuna hata mumoja wetu balimuita kumuzika. Kwetu Butembo, wakati ya Ebola, tulitupia majiwe ba équipe ba kuzika, juu tuzike batu betu siye benyewe. Huku sikupata hata mutu wa kutupia.

Sasa sikia kitu yenye inanikosesha usingizi. Bureau ya kampani baliandika karatasi kwamba Hamza alificha ugonjwa, eti ni mutu wa uongo, donc kampani haina kosa. Balinipatia nisinye, niweke jina yangu kama témoin, mushahidi. Niliogopa. Nikasinye.

Ile karatasi banamutumia mama yake. Yaya, nakuomba, kesho kama njia iko salama panda gari ya asubuhi uende Beni, umufikie mbele ya ile karatasi. Umwambie mutoto wake hakuwa mutu wa uongo. Alitaka kusema, mimi nikamukataza, dawa ilitoka mu mukono yangu. Akinilaani, nyamaza. Usinitetee, najua mudomo yako. Akiuliza alikufa mbele ya nani, sema Kakule hajui, juu njo kweli.

Salamia Papa na Mama, salamia bwana yako fundi wa baiskeli, na tantine, shangazi wetu mwenye kuimba mu kwaya, aombee Hamza, hata kama ni musilamu. Lundi, juma ikianza, naenda ku bureau kusema nilisinye uongo. Pengine banifukuze siku ile ile. Mukisikia niko Kasindi, ku mupaka, bila valise ya nguo, musiniulize nimeleta nini.

Mudogo wako,
Kakule