Bata Aliyelala Nilimchonga Mimi

KITUO CHA POLISI, TARROW CREEK, MARYLAND
Maelezo ya shahidi, Jumanne 14 Novemba 1978, saa tano na dakika kumi asubuhi

Jina: Orpha Bozman. Umri: miaka 63. Kazi: mchongaji wa bata wa mti, wanaoelea majini kuwavutia bata pori waje kwa wawindaji. Makazi: nyumba ya mwisho, Barabara ya Gati.

Kwenye nafasi ya kazi Sajini Pruitt alikuwa ameandika "mama wa nyumbani". Nimemwambia afute.

Mnamo tarehe 28 Oktoba, saa tatu asubuhi, mdogo wangu Wendell alimuuzia Bwana Lathrop Keene, mkusanyaji wa bata wa zamani, bata mmoja aliyelala, kichwa kimegeukia mgongoni. Nilikuwa kando yake. Bwana Keene aliuliza, "Huyu ni wa marehemu baba yenu, Asbury?" Wendell akajibu, "Ametoka kwenye mikono ileile iliyomchonga yule bata aliyeko makumbusho." Hakuendelea kusema ni mikono ya nani kwa sababu nilimkanyaga mguu. Hilo ni kosa langu, liandikwe.

Jana saa nane mchana Wendell alikamatwa kwa madai ya Bwana Keene kwamba alimuuzia bata wa kughushi, si wa baba. Anaweza kufungwa. Jamani, Wendell! Hajui hata kunoa kisu. Kazi yake ni kuyeyusha madini mazito ya risasi tunayopigilia chini ya tumbo ili bata asipinduke majini.

Ukweli ni huu. Mnamo Februari 1947 baba alipooza upande wa kulia. Wawindaji walikuwa wameshaagiza bata mia mbili, na sisi tulikuwa tunakula kwa bata hao. Mama akaniambia, "Hakuna mwindaji atakayenunua bata wa binti. Chonga, unyamaze, tule." Nikachonga. Wateja wakija, mama alimwekea baba kisu mapajani na kummwagia maranda miguuni, aonekane yuko kazini. Baba alikuwa anatazama ukutani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Yule wa makumbusho, mwenye kibao cha jina la baba, nilimchonga mwaka 1952. Mwaka huo baba hakuweza hata kushika kijiko.

Leo saa nne asubuhi, hapa kituoni, Bwana Keene aliwaweka bata wote wawili mezani, aliyemnunua na yule aliyemwazima makumbusho. Nikamwambia, "Haya, nionyeshe tofauti." Akasema shingo ya yule wa zamani ina utulivu wa mzee. Utulivu! Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na jino linaniua. Akasema, "Mama, usilichafue jina la baba yako." Nikamjibu, "Jina la baba nimelilisha miaka thelathini na moja. Limeshiba."

Wendell hakudanganya. Bata wote wawili ni kazi yangu. Mkitaka mtu wa kufunga, nifungeni mimi, yeye aende nyumbani. Na Jumamosi nitakwenda makumbusho kung'oa kile kibao na kuweka chenye jina langu.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyatenda mwenyewe, na sirudi nyuma hata neno moja.

Sahihi: Orpha Bozman

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali yote. Nilimshauri aondoe sentensi ya kung'oa kibao. Amekataa, akataka niongeze na saa atakayofika: saa nne kamili asubuhi.
Sajini D. Pruitt