Nani amepiga humu?

Shoga, nimemkosea shangazi na sijui nitamtazama kwa macho gani.

Ile rekodi yake ya piano aliyoitoa wiki hii, vile vipande vifupi vya mahaba vya watunzi wa zamani, nimeisikiliza leo sebuleni kwake. Kipande cha nne kimenitoa machozi. Mkono wa kushoto unanong'ona kabisa!

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Maana muda huohuo alikuwa ananimiminia chai, kashika birika kwa mikono miwili na bado linatetemeka.

Nikamwomba anipigie mwanzo tu. Akasema piano imeharibika sauti. Nikaigusa, mbona iko sawa!

Na mimi na huu mdomo wangu: "Shangazi, nani amepiga humu?"

Nimesema hivyo kweli, shoga. NANI AMEPIGA HUMU. Kwake, nanywa chai yake!

Akaliweka birika chini. Kisha akasema, "Ni mimi, mwanangu. Miaka sita iliyopita, kabla vidole havijagoma. Niliiweka kabatini nikijua nitapona, nirekodi nyingine bora zaidi."

Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akaniinamia, akauliza polepole, "Kwa hiyo ni nzuri kiasi hicho?"