Kunde Zenye Matundu

Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au unawalisha wadudu wako wa masomo tu? Sisi wazima. Mguu wangu unauma, lakini mdomo hauna ugonjwa. Anayeandika ni mume wetu, babu yako. Simu hukatika maneno yakianza kunoga.

Sasa nisikilize. Mama yako nusura azimalize kunde zangu nyekundu, mbegu niliyoachiwa na mama yangu. Alizikuta mtungini zimejaa majivu, akaona uchafu. Akapepeta, akaosha, akaanika, akazirudisha zinang'aa. Usafi wa mwanamke yule! Hakujua majivu ndiyo mlinzi. Nami sikuwahi kumwambia.

Nilipokuja kufunua, fukusi wanatembea kama wako sokoni! Kila kunde ina tundu. Mtungi wa maharage uko ubavuni, wala hawakuugusa. Kumbe ulisema kweli, kila fukusi na mmea wake.

Nilimnunia mama yako siku nne. Alilia jikoni, nikajifanya kiziwi. Roho mbaya, najua.

Ndipo uliposema kwenye simu kwamba kunde yenye tundu huweza kuota, kama mdudu hakula kiini. Babu yako akacheka, "Mtoto kasoma mpaka kachanganyikiwa!" Nikamwambia, "Nyamaza, mzee. Bibi harusi wako anakushinda akili." Hapa kalamu imesita, lakini nimemwambia aandike.

Tukakaa mkekani, mimi na mama yako, tukachagua zenye tundu moja tu. Tukapanda makopo arobaini. Siku ya tano, kimya. Siku ya sita akanijia mbio, udongo mpaka kwenye viwiko: "Mama, njoo! Njoo uone!"

Miche tisa! Nilisahau mguu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa.

Miche ikakua, ikazaa, na jana tumepukuchua. Nusu kopo, nyekundu tupu. Upande wa mama yangu, kazi ya kutunza mbegu hii hupewa binti wa kuzaa, nami nilizaa madume matupu. Nilikuwa nangoja nini, mjukuu wangu? Nilimshika mkaza mwanangu mikono, nikaitia kwenye majivu, nikamwonyesha kiasi. Akachanganya mwenyewe, akafunga mwenyewe.

Baba yako anakusalimu. Babu yako pia, ingawa amenuna. Mola akupe afya na watu wema wa kukuzunguka.

Siku ukitaka mbegu, usiniulize mimi. Muulize mama yako.

Akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako